Marashi Yasiyo na Mafuta

Herieth alipohamia kwa Bi Hamisa, kule Bunju, alipewa sharti moja tu.

"Najua unauza vinywaji," Bi Hamisa alimwambia, "na mie riziki ya mtu siiingilii. Lakini vya dukani viishie dukani. Humu ndani tunasali."

Herieth akaitikia, na akalishika sharti hilo tangu siku ile. Halikuwa zito, kwa jinsi bibi yule alivyomtunza. Akirudi kazini usiku alikuta makaa yamefunikwa majivu jikoni, yamewekwa kwa ajili yake. Ramadhani ikifika, ingawa yeye ni Mkristo wa Upareni asiyefunga, sahani yake ya futari haikukosa. Naye hakuwahi kukatiza mbele ya wageni wa bibi bila kujitanda khanga.

Jumamosi moja akalivunja.

Ilikuwa hivi. Duka lao lilitaka mtu wa kusimama kwenye meza ya kuonjesha, awamiminie wateja kidogo kidogo na kuwaeleza wanachokunywa. Meneja wao, Fredrick, alimwambia Herieth nafasi ni yake, ilimradi Jumatatu aweze kuieleza wiski moja ngeni kwa maneno yake mwenyewe. Wiski hiyo ilikuwa ya shayiri tupu. Ililala miaka kwenye mapipa ya kawaida, kisha mwishoni ikahamishiwa kwenye mapipa yaliyowahi kuwekwa mvinyo mwekundu.

"Haya, umeonja nini?" Fredrick alimuuliza.

"Ukali, bosi."

"Ukali hata petroli inao! Tia tone la maji. Usimeze mbio, iache ikae ulimini. Sasa je?"

"Ukali wenye maji."

Fredrick alicheka mpaka akajishika kiuno. Akamjazia kichupa. "Nenda nayo nyumbani. Ukitulia utaipata."

Kichupa chenyewe kilikuwa kidogo kama kidole gumba, kina kifuniko cheusi, na ndani rangi ya asali. Herieth alifika nacho nyumbani mchana, akakiweka kwenye dirisha la ukumbini, akaenda uani kusuuza glasi. Hakukawia huko.

Ubaya ni kwamba Maisa, mjukuu wa Bi Hamisa aliyeolewa Unguja, alikuwa amemwahidi bibi yake marashi ya udi, na bibi alikuwa akiyangoja siku yoyote. Na marashi ya udi, kila mwenye bibi anajua, huuzwa kwenye vichupa vya namna hiyohiyo.

Herieth aliporudi alimkuta Bi Hamisa amesimama dirishani, ushungi kichwani, anasugua viganja.

"Herieth mwanangu, njoo unuse! Maisa kaniletea. Huyo aliyeyaleta hata hodi hakupiga, kayaacha dirishani kama mwizi aliyerudisha mali!"

Herieth aliificha glasi nyuma ya mgongo.

"Ila haya ya siku hizi wanatia spiriti," Bi Hamisa aliendelea. "Hayana mafuta. Yanapoa mkononi, mara yamekwenda zake. Ngoja yakauke. Haya, nusa." Akamnyooshea kiganja. "Unaanza mti. Si mti wa kuni, mti wa kasha. Kasha la mama yangu la nguo, ukilifungua masika. Halafu zabibu. Zile kavu za kutia kwenye tambi za Idi. Huzisikii?"

Herieth aliinama akanusa. Ukali wote uliomsumbua dukani ulikuwa umekwisha kwenye ngozi ile ya kizee, na chini yake, kweli kabisa, zabibu zilikuwepo. Hapo hapo akajua kazi amekwisha kuipata. Kilichobaki ni kunyamaza tu.

"Mazuri?"

"Mazuri, bibi."

Adhana ya laasiri ikaanza. Bi Hamisa akachukua msala wake. "Leo nasali nikinukia," alisema, akageuka kuingia chumbani.

Herieth alikifikiria chumba chake. Alifikiria vyumba vingine alivyowahi kupanga, ambako hakuna aliyejua hata jina lake. Kisha akautazama mgongo wa bibi ukienda zake, mwepesi, umefurahi.

"Bibi, usisali kwanza."

"Kuna nini?"

"Hayo si marashi. Ni pombe. Nimeileta mimi."

Bi Hamisa aliitazama mikono yake. "Pombe?"

"Wiski, bibi. Ya kujifunzia kazi."

"Humu ndani?"

"Ndiyo, bibi."

"Na mie nimejipaka mpaka nyuma ya masikio. Tena nikakuita unuse!" "Nitekee maji."

Herieth akateka. Bi Hamisa akaosha mikono, shingo na masikio, akabadili ushungi na kanzu, akatia udhu upya. Herieth alikuwa akimmiminia kwa kata. Bibi alipoingia kusali, Herieth akaenda kukimwaga chooni kilichobaki kichupani, akaketi kwenye ngazi ya uani akiwaza aanze kufungasha nini.

Bi Hamisa alitoka, akakaa kando yake.

"Ungenyamaza, saa hizi nimekwisha kumwombea Maisa dua kwa wiski yako. Nani angejua?"

"Ulikuwa unakwenda kusali, bibi."

"Hilo tu?"

"Hilo tu. Nisamehe."

"Nilikwisha kukusamehe uliponimiminia maji. Ulinimwagia kama mtu anayezima moto, mpaka kanzu ikalowa." Akajikung'uta. "Chumba ni chako. Sharti ni lilelile."

Herieth akafuta macho. Alisita, kisha akasema, maana Jumatatu haikuwa mbali, "Bibi, yale maneno yako. Ya kasha na zabibu. Nikiulizwa kazini, naweza kuyasema?"

Bi Hamisa akakunja uso. "Kasha la mama yangu lisiingie kilabuni."

"Si kilabu, bibi. Ni duka."

"Lisiingie." Akafikiri. "Zabibu chukua. Zabibu ni za watu wote."

Jumatatu Fredrick alimimina, akangoja. Herieth akanusa, akaonja, akaiacha ikae ulimini.

"Zabibu kavu," alisema. "Ukali ukipita, zinakuja zabibu kavu."

"Enhe! Sasa umeipata. Na nyuma ya zabibu? Kuna kitu kingine hapo."

Kilikuwepo. Herieth alikiona waziwazi, kifuniko kinainuliwa, nguo zimekunjwa ndani.

"Kipo, bosi," alisema. "Ila hicho nimekatazwa kukisema."

Fredrick alimtazama, akangoja, akaona hapati zaidi. Akamsogezea aproni ya meza ya kuonjesha.