Dirisha la Mashuka

Kule kiwanda cha dobi walimwita Mtawa, na aliyeanzisha jina hilo ni Mama Pacha wa meza ya jirani, mwanamke ambaye mdomo wake haukujua likizo. "Haya, Mtawa wetu huyo anakwenda kusali," alikuwa akisema kila mchana, Mtawa akipita na ufunguo wake kuelekea stoo ya mashuka, na wanawake wote wa kwenye pasi wakiangua kicheko. Mtawa hakuwa mtawa wala nini. Alikuwa mjane, binti yake wa pekee ameolewa mbali na hupiga simu akikumbuka. Na kule stoo hakuwa akisali. Alikuwa akipumua.

Usicheke wewe. Kupumua alifundishwa na redio. Baada ya kumzika mumewe nyumba ilimwelemea, akazoea kuiacha redio ikijisemea tangu asubuhi ilimradi isikike sauti ya mtu, na siku moja daktari fulani akaeleza namna ya kukaa: mgongo wima, mabega chini, vuta hewa polepole kwa pua, ishikilie, iachie. Mtawa akajaribu saa ya mapumziko, amekaa juu ya robota la mashuka chini ya dirisha la stoo. Haukupita muda, kichwa kilichokuwa kikimgonga kila jioni kikatulia. Usingizi ukarudi. Akaanza hata kujiona kidogo, na kwa kweli hakuwa na kingine cha kujivunia.

Mama Pacha aliliona hilo upesi.

"Dada, unakula nini wewe?" aliuliza huku akikohoa. "Mimi kichwa kinapasuka, kifua kinawaka moto, wewe unang'aa kama bibi harusi! Nipe siri, la sivyo nitakununia mpaka ustaafu."

Hapo jibu lilikuwa neno moja tu: njoo. Stoo ilikuwa na nafasi ya kutosha. Lakini Mama Pacha akiingia mahali, mahali hapo hujaa. Kwa maneno yake wangeingia naye mapacha wake, mumewe, shemeji zake na jirani asiyelipa ada ya takataka. Mtawa aliuonea choyo upweke wake, na lazima lisemwe hivyo hivyo lilivyo. Akamwambia hakuna haja ya kujifungia, mazoezi ni mazoezi, hufanyika popote. Akamfundisha pale pale mezani, kati ya pasi na mapipa ya dawa ya kung'arishia.

"Vuta ndefu," alisisitiza. "Mpaka tumboni. Sasa ishikilie."

Mama Pacha, pamoja na mzaha wake wote, alikuwa mwanafunzi mtiifu. Alivuta asubuhi, akavuta mchana, akavuta kabla ya kutoka, amefumba macho mbele ya mapipa. Kikohozi kilipozidi, Mtawa alimwambia avumilie, ni mwili unatoa uchafu. Redio ilisema hivyo, au labda yeye ndiye aliyejazia.

Kisha Mama Pacha akaanguka kazini, wakambeba hospitali. Mtawa alipokwenda kumwona alimkuta na mpira wa hewa puani. Muuguzi alieleza kwamba mvuke wa dawa umemchoma mapafu, akashangaa mbona umemshika yeye kuliko wenzake. Mtawa akatazama viatu vyake.

Mama Pacha alimshika mkono. "Nisamehe, dada," alinong'ona. "Nadhani nilikuwa naiachia mapema."

Mtawa alirudi nyumbani kwa miguu, na njiani ndipo akili ilipomfunguka. Kumbe hakikumponya kipaji chake cha kupumua. Lilimponya dirisha. Ukumbi wa pasi haukuwa nalo hata moja, ulikuwa na feni tu ya kukoroga joto lile lile. Stoo ilikuwa nalo, tena kubwa, kwa sababu mashuka yakikosa hewa huvunda na wateja hulalamika.

Kesho yake hakungoja mapumziko. Alifungua stoo, akaegesha mlango kwa robota, akawaambia wenzake waweke pasi chini waje. Waliingia wakisukumana, wakidhani kuna msiba. Akawapanga dirishani.

"Haya, pumueni."

Walipumua. "Jamani," mmoja akasema, "kumbe hewa haina ladha!" Mwingine, mkongwe kuliko wote, akaanza kulia bila kusema kwa nini.

Msimamizi akaja mbio. "Mnafanya nini humu?"

"Tunapumua," alisema Mtawa.

"Kapumulieni kazini!"

"Kazini hakupumuliki, bosi. Mashuka mmeyawekea dirisha yasivunde. Sisi tukivunda si hasara?"

Aliwatishia kuwafukuza wote. Mtawa hakutoka, na hakuna aliyetoka. Siku iliyofuata pia hawakushika pasi. Hoteli zilipoanza kupiga simu kuuliza mashuka yao, mwenye kiwanda alikuja mwenyewe, akafoka, akasikiliza, akafoka tena. Wiki haikuisha, mafundi wakawa wanatoboa ukuta wa ukumbi, na mapipa ya dawa yakahamia uani. Mtawa alinyang'anywa ufunguo wa stoo. Wanawake wakaanza kupumua pamoja kila mchana chini ya madirisha mapya, wakichekana, na yeye akisimama katikati yao kama mwalimu. Kati ya sauti zote zile alisikia tu ile isiyokuwepo.

Mama Pacha aliruhusiwa kwenda nyumbani, ila kazi daktari alimkataza kabisa. Mtawa alimpelekea matunda, akamsimulia yote: ukuta, mafundi, msimamizi alivyotoa macho. Mama Pacha alicheka mpaka akapaliwa. Ndipo Mtawa akamwambia na yaliyobaki: kwamba stoo ilikuwa na dirisha siku zote, kwamba nafasi ilikuwepo, kwamba hakutaka mtu.

Mama Pacha alichezea upindo wa shuka.

"Ungeniita tu, dada," alisema. "Ningeingia nikanyamaza."

Mtawa alitaka kumwambia sivyo, si kwa sababu ya maneno yake mengi. Lakini ilikuwa kwa sababu hiyo hiyo, na wote wawili walijua. Mama Pacha akageukia ukutani. Alivuta pumzi fupi, kisha nyingine fupi, na Mtawa akabaki ameketi akizisikiliza.