Mwalimu, Angalia Ubao

Mimi sina subira na watu wanaoangalia dari. Nasema mapema ili mjue niko upande gani.

Mwaka jana niliondolewa kwenye fainali ya drafti kwa sababu ya kutapika. Mimba ilikuwa changa, nikainuka kukimbilia chooni, na kanuni ya klabu yetu ni kwamba anayeinuka kitini kabla mchezo haujaisha, kashindwa. Niliporudi nikifuta mdomo, kombe lilikuwa limeshabebwa na mwalimu wa hesabu, na wanaume wa klabu wakanipigapiga bega. "Pole, mama. Kalee kwanza, haya mambo tuachie sisi." Maneno yale yalinikaa rohoni mwaka mzima.

Kwa hiyo mwaka huu, siku ya fainali, nilifunika cherehani yangu mapema, nikaenda ukumbini na mume wangu na mtoto wetu wa miezi mitano. Nikakaa mbele ya mwalimu yuleyule, nikaapa kuwa sibanduki hata nyumba iungue.

Tulicheza vizuri kama robo saa. Mara huko nyuma mtoto akaanza. Mtoto wangu halii, anatangaza. Mume wangu akambembeleza, akamrusharusha, akamwonyesha funguo, mwishowe akaja mbio mezani jasho likimtoka.

"Mama watoto, huyu kanishinda."

"Mlete."

"Hapa? Mbele za watu?"

"Sasa ulitaka niinuke? Mlete!"

Nikafungua vifungo viwili, mtoto akadaka titi, ukumbi ukatulia. Mkono wa kushoto nimempakata, wa kulia nasukuma kete. Nikainua macho, nikamkuta mwalimu anaangalia dari.

"Mwalimu, zamu yako."

"Najua, najua," akaiambia feni ya darini.

Jamani! Mtu mzima, mwenye wanafunzi sitini, shingo kaikunja nyuma kama anatiwa dawa ya macho. Akaanza kupapasa meza. Kidole kikaingia kwenye chai yake. Akapapasa tena, akaokota soksi ya mtoto iliyodondoka pale, akaisogeza kwenye ubao hatua moja mbele, kwa heshima zote. Mwamuzi, ambaye siku za kazi ni kinyozi, akakohoa.

"Mwalimu, hiyo ni soksi."

"Basi nirudishe nilipokuwa."

Watu wakavunjika mbavu. Nami nilicheka, mpaka nilipotazama ubao: mwalimu kabakiza kete tano, mimi kumi. Kicheko kikaniisha. Nikajua kabisa kesho kule kwa kinyozi watasema nini: kamshinda kwa titi. Mwaka mzima nimefanya mazoezi kwa vifungo vya mashati ya wateja, halafu sifa ziende kwa titi? Iliniuma sana.

"Mwalimu, angalia ubao."

"Siwezi. Nakuheshimu."

"Niheshimu kwa kucheza!"

Mwamuzi akaniomba nijifunike kidogo. Nikamwambia kwa joto hili yeye mwenyewe kafungua vifungo vitatu, na hanyonyeshi mtu. Akajifunga vifungo.

Hapo ndipo alipoinuka mama mzazi wa mwalimu, bibi wa fimbo, kutoka kiti cha mbele.

"We mtoto! Wewe ulinyonya mpaka ukamaliza kuota meno. Nimekunyonyesha sokoni, nimekunyonyesha msibani, nimekunyonyesha kwenye foleni ya kukuandikisha shule, umesimama kwa miguu yako mwenyewe! Leo ndiyo unaona aibu? Shusha shingo hiyo!"

Mwalimu akashusha shingo, uso umemwiva. Akauona ubao, akashika kichwa.

"Nani kanifanyia hivi?"

"Wewe mwenyewe!" ukumbi mzima ukamjibu.

"Tuanze upya," nikasema.

Mume wangu akanong'ona kwamba nimepata wazimu, kombe lilikuwa mkononi. Nikamwambia kombe la namna hiyo akalinywee uji mwenyewe. Kete zikapangwa upya, kumi na mbili kwa kumi na mbili.

Sasa ndipo nikacheza na mwalimu halisi. Alinibana kushoto, akanila mbili, akafikisha kete mwisho wa ubao ikawa kingi kabla yangu. Moyo ulinidunda mpaka mtoto akaacha kunyonya akanitazama. Nilimrudishia titi, nikavuta pumzi, nikasukuma kete moja mbele ya kingi chake. Kwa kanuni zetu, kete ikilika ni lazima uile. Mwalimu akaiangalia, akaona mtego, akatafuta pa kukimbilia, hakuna. Akaila hiyo moja. Nami nikala nne kwa mpigo, kingi kikiwemo, na baada ya hapo hakubaki na pa kwenda.

Mwamuzi akauinua mkono wangu, ule usio na mtoto. Wale wanaume wa "kalee kwanza" walikuwa wamesimama juu ya viti wakipiga miluzi. Nililia kidogo, sifichi.

Mwalimu akapiga meza. Alikuwa ananikodolea macho usoni, hasira tupu, dari hana habari nayo.

"Umebahatisha! Rudia! Panga kete sasa hivi!"

"Subiri kwanza, nimhamishie titi la pili."

"Basi hamisha haraka," akafoka, huku kete anazipanga mwenyewe. "Unatuchelewesha!"