Udongo wa Kiwiko

Kwetu jangwani mtu hahamishi mbuzi kwa kuona wingu. Wingu hudanganya. Mvua inaweza kuning'inia huko juu, ukaiona kwa macho yako, joto likainywa yote kabla haijagusa chini. Kwa hiyo hutangulia mtu mmoja, akazamisha mkono mchangani mpaka kwenye kiwiko. Udongo wa huko chini ukiwa mbichi, anauleta. Mvua isiyofika hapo haioteshi hata jani.

Safari hii alitumwa shemeji, mdogo wa mume wangu. Alirudi midomo imempasuka, akafungua kitambaa, akamwekea mama mkwe udongo kiganjani. Mama mkwe haoni vizuri. Akaunusa, akasema, "Haya, fungeni mizigo."

Mimi naona. Udongo wa chini ni mwekundu. Ule ulikuwa mweupe, wa juujuu. Mjinga yule aliulowesha kwa maji yake ya kunywa.

Damu ilinichemka. Mbuzi wetu wamebaki mifupa, safari ile wangeiweza mara moja tu. Tukikuta kukavu, basi tena. Nikamvuta mume wangu nyuma ya hema.

"Ndugu yako ametudanganya. Njia ya mwongo ni fupi, na sisi safari yetu ndefu."

"Najua," akasema, huku anakaza kamba. "Mama aliapa hatoki hapa bila udongo mbichi. Kisima kimebaki tope. Ulitaka nimwache?"

Kumbe lao moja. Nikaenda kwa mama mkwe, maana mimi siwezi kulala na jambo moyoni. Nilimkuta anamnywesha mbuzi mwenye mimba maji ya bakuli lake mwenyewe.

"Mama, ule udongo..."

"Haunuki mvua," akasema. "Unanuka chupa."

"Sasa mbona umekubali?"

"Ningekataa, wangekaa hapa kunibembeleza mpaka wafe. Wakishaanza kutembea hawatarudi nyuma, labda huko mbele wakapata. Mimi sitafika, mwanangu. Usiwaambie."

Nililia palepale, sikuona aibu. Nikamwambia atapanda punda. Akasema nisijisumbue, punda abebe maji.

Hapo ndipo hasira ziliponipanda kwelikweli. Alfajiri nilimbeba mzobemzobe, nikampandisha punda akinitukana mimi na ukoo wangu wote. Maji nikayabeba mwenyewe mgongoni.