Chakula cha Watu wa Filamu

Jumamosi ya filamu Gunvor aliwasha oveni kabla hajavaa soksi, maana keki ya maziwa haipendi kuharakishwa. Maziwa alikwisha kuyagandisha tangu jana. Sasa aliyachuja, akapiga mayai, akatwanga lozi tamu pamoja na punje chache za lozi chungu, akamimina kila kitu kwenye sufuria ya shaba iliyopakwa siagi. Huko Småland, kusini mwa Uswidi, arusi haipiti bila keki hiyo, wala msiba. Huliwa kwa kuanzia katikati, na anayeanzia pembeni watu humtazama tu, kisha humuuliza kama safari ya kutoka Stockholm ilikuwa njema.

Chama cha filamu cha Hultaby kilikuwa na utaratibu wake. Kila Oktoba kilionyesha filamu bubu moja ukumbini, na kilicholiwa ndani ya filamu ndicho kilicholiwa mezani, tena kwa wakati uleule. Baharia akimenya kiazi kwenye pazia la filamu, na wewe unawekewa kiazi. Kazi hiyo ilikuwa ya Gunvor, na mtu asikudanganye kwamba ni kazi ndogo. Mwaka wa filamu ya mabaharia alipika samaki wa chumvi, watu wakalamba sahani. Mwaka wa filamu ya mfungwa aliwapa mkate mkavu na maji, na bado wakaomba waongezewe. Yule mama alijua kupika, jamani, acheni mchezo.

Lakini kwa miaka kadhaa sasa chama kilikuwa kikirudia filamu moja tu, Arusi ya Kinuni, na sababu ilikuwa wageni.

Filamu hiyo ilipigwa hapohapo Hultaby, zamani, Ester akiwa na miaka kumi na mmoja. Ester alikuwa bibi yake Gunvor, mzaa mama. Kwenye karamu ya arusi, meza kuu inakaliwa na wakulima wenye mali, na katikati yao Alrik, mwenye shamba, amejaa kwenye kiti chake. Karibu na mlango kuna meza ya maskini. Ester anaingia na sinia la keki, anapita mbele ya maskini, anampelekea Alrik, anatoka. Ni hivyo tu, na ni vizuri kupita kiasi. Mtoto yule anatembea na sinia kama aliyebeba maji yaliyojaa mpaka ukingoni, na hamwagi hata tone.

Mara ya kwanza, Gunvor alipoweka keki mezani, harufu ya lozi ilipanda mpaka kwenye pazia. Watu wa meza ya maskini wakageuza vichwa, wakatazama ukumbini. Mzee mmoja mwenye kofia akanyoosha mkono. Mkono ukatoka kwenye pazia mpaka kwenye kiwiko, wa kijivu kama alivyokuwa yeye mzima, ukachukua kipande. Wengine wakafuata. Folke, mwenyekiti wa chama, alisema wageni wamezidi, sahani ziongezwe. Mpiga kinanda hakukosea hata mara moja.

Kila aliyechukua kipande alikinusa kwanza.

"Mbona wananusa?" aliuliza Sixten, mwendesha projekta, kutoka kule nyuma. "Keki ya Gunvor hainuswi, inaliwa!"

"Wanatafuta mafuta ya taa," alisema Gunvor.

Habari hiyo aliipata kwa bibi mwenyewe. Enzi zile parokia ilikuwa ikiwapiga mnada maskini wake, wazee kwa watoto, na aliyetaka malipo madogo kuliko wote kwa kuwatunza ndiye aliyewachukua. Alrik alitaka madogo siku zote, kwa hiyo alikuwa nao wengi, na Ester alikuwa mmoja wao. Watu wa filamu walipokuja kutafuta umati, Alrik akawaazima wote. Basi karamu ikapangwa, nyama, samaki, keki, na kamera ilitaka vyote vibaki vizima mpaka jioni. Kumweka mtu mwenye njaa mbele ya nyama siku nzima ni kujitafutia hasara. Wakavimwagia mafuta ya taa. Sahani moja tu ilinusurika, ya Alrik, kwa sababu Alrik alisema yeye atakula kwelikweli, na hiyo ndiyo aliyoibeba Ester. Ukiitazama filamu kwa makini utawaona maskini wanatafuna hewa. Wanaitafuna kwa adabu, midomo imefumbwa.

Basi walilishwa. Watu wa Hultaby walisogeza meza mpaka chini ya pazia, na kila Oktoba maskini wa Alrik walikula vizuri, wakarudisha sahani zimepanguswa. Ilikuwa raha kuwaona. Mzee mwenye kofia alikuwa akiivua kabla ya kila kipande.

Shida ilikuwa Ester. Alikuwa akifika wa mwisho, na alipofika sahani ilikuwa imebaki na kipande kimoja. Sasa, kipande cha mwisho hakichukuliwi. Hilo halijaandikwa popote, na halihitaji kuandikwa. Mtu wa huku atakikata nusu, atakayemfuata atakata nusu ya nusu, mpaka sahani inabaki na kitu ambacho hata panya angeona haya kukiita chakula, na hakuna atakayekimaliza. Maskini wa filamu nao walikuwa watu wa huku. Njaa ilikuwa imewatoboa matumbo, lakini kipande cha mwisho walikiacha. Ester alikitazama. Koo lake lilionekana likimeza mate. Kisha alipita na sinia lake, akampelekea Alrik.

Gunvor alilia jikoni kwake kwa hasira, akavunja kikombe, kisha akafagia. Hakutaka makubwa. Alitaka bibi yake ale mara moja tu katika ile filamu.

Mwaka uliofuata alioka keki mbili. Nyuma ya maskini wa mbele wakajitokeza wengine, ambao hakuna aliyekuwa akiwaona siku zote kwa sababu walikaa gizani, na keki ya pili ikaisha mpaka kipande kimoja. Mwaka mwingine alimwambia Sixten apunguze mwendo wa projekta ili mtoto akae zaidi penye meza. Ester akatembea polepole kweli, lakini mikono ikaanza kumtetemeka.

"Ongeza mwendo, Sixten!"

"Si wewe uliyesema nipunguze?"

"Ongeza, nimesema! Sinia linamlemea, huoni?"

"Haya, haya, bibie. Usinile."

Halafu akaoka keki ndogo ndani ya kikombe cha kahawa, ya mtu mmoja, akaiweka pembeni peke yake. Sixten aliitazama akatikisa kichwa.

"Hataigusa hiyo."

"Kwa nini asiiguse? Ni yake."

"Iko moja, dada. Ikiwa moja ndiyo ya mwisho."

Na kweli. Ester aliipita. Mzee mwenye kofia aliikata nusu, akaiacha nusu.

Mwaka huu, keki ikiwa ndani ya oveni, Gunvor alikuwa akipiga krimu ya kumwagia juu yake pamoja na jamu ya stroberi. Krimu ilipokaa sawa aliihamishia kwenye jagi, na bila kufikiri akapitisha kidole ndani ya bakuli, akakilamba. Akasimama na kidole mdomoni. Bakuli la kupigia hulikwangua mtoto wa jikoni. Ni haki yake, na hakuna mtu Småland nzima aliyewahi kuacha mkwanguo wa mwisho kwa adabu, kwa sababu huo hauhesabiwi kuwa chakula. Ni vyombo vya kuosha.

"Mimi mjinga," alisema kwa sauti. "Mjinga mkubwa mimi!"

Akairudisha nusu ya krimu kwenye bakuli, akaizungusha kwa mwiko mpaka ikashika kuta zote kwa unene, akafunika kwa kitambaa. Mlangoni pa ukumbi alikutana na Folke, amevaa tai.

"Gunvor, hilo bakuli chafu unalipeleka wapi?"

"Kwa bibi yangu."

"Aha. Msalimie."

Taa zikazimwa, kinanda kikaanza. Mchana bado ulikuwa ukipenya kidogo pembeni mwa mapazia ya madirisha. Arusi ikatoka kanisani, gari la farasi likavuka daraja la kinu cha maji, watu wakaketi karamuni, na ukumbini keki ikawekwa mezani ikiwa moto. Maskini wakanyoosha mikono, wakanusa, wakala. Gunvor akachukua kigoda, akakiweka kwenye kona ya chini ya pazia, pale Ester anapoingilia, akaweka bakuli juu yake, na mwiko ndani.

Ester akaingia na sinia. Akaliona bakuli. Akamtazama Alrik kule mezani, akatazama bakuli tena. Kisha akainama, akaweka sinia sakafuni. Hakuwahi kuliweka chini tangu filamu hiyo ipigwe.

Alinyoosha mikono miwili, akalivuta bakuli ndani. Alianza kwa mwiko, akaona unamchelewesha, akautupa, akatumia vidole. Krimu haikugeuka kijivu. Ilibaki nyeupe kabisa puani na kidevuni mwake, na katika filamu nzima hapakuwa na kitu kingine cheupe namna ile, hata shela la bibi arusi. Mpiga kinanda akaurudia wimbo wa maandamano ya arusi polepole, ili usiishe mapema. Mzee mwenye kofia akasogeza kiti chake, akamgeuzia Alrik mgongo wake mpana, mtoto akala nyuma ya mgongo huo.

Gunvor alikuwa amesimama nusu hatua kutoka kwake, machozi yanamtiririka, anacheka.

"Kula, mama. Kula, kwangua na kule chini. Kula bibi yangu."

Kule meza kuu Alrik aligonga meza kwa kidole. Ester akajifuta mdomo kwa aproni, akalirudisha bakuli kwenye kigoda, likiwa limeng'aa kama limeoshwa. Akainua sinia, akampelekea. Alrik alianzia katikati, akala yote.

Taa zilipowaka Folke alisimama mbele na kutoa shukrani, kama kila mwaka. Alimshukuru Gunvor kwa keki, mpiga kinanda kwa kinanda, na babu yake mwenyewe, marehemu Alrik, ambaye wiki ile filamu ilipopigwa aliilisha parokia nzima. Watu wakapiga makofi. Gunvor hakupiga, mikono yake ilikuwa imeshika bakuli.

"Mwambie ukweli basi," alinong'ona Sixten, Gunvor alipofika kwake nyuma.

"Nilimwambia mwaka juzi. Alisema inasikitisha sana, akaniomba mapishi."

Sixten aliguna, akageukia projekta, akaanza kuandaa mkanda kuurudisha mwanzo.

"Usiurudishe leo," alisema Gunvor. "Uache hivyohivyo ulivyoishia."

"Unajikunja ukiachwa hivi, dada. Mwakani hautapita kwenye mashine, na hapo hatakula kabisa."

Gunvor alifikiri kidogo, akakubali. Sixten akabonyeza, magurudumu yakazunguka kinyume, na Gunvor akakaa kwenye kiti cha karibu, bakuli mapajani, akisikiliza mkanda unavyorudi. Ulipofika mwanzo ulitoa mlio mdogo ukasimama, na Ester alikuwa bado hajala.