Hapo Tu

Mtaani kwao Masaya, jina la ubatizo ni la kuandikwa kanisani tu. Kila mtu ana jina la pili alilopewa na mtaa, na mtaa hauombi ruhusa. Azucena Gaitán, mshona viatu mwenye mkono mwepesi kuliko wote katika barabara yao, aliitwa Nusu Mlima.

Jina hilo alilipata alipokwenda kupanda Concepción, volkano ya Ometepe, kisiwa cha ziwani, pamoja na mchumba wake wa wakati huo, Rolando. Katikati ya mlima Azucena aliishiwa pumzi. Rolando akamwambia, "Ngoja hapa, nikifika nitakurudia." Akafika, akapiga picha zake, akateremka kwa njia ya upande wa pili. Azucena akashuka analia. Kwa bahati mbaya aliyetangulia kurudi Masaya ni Rolando, naye akasimulia anavyotaka. Doña Chepa, jirani anayeuza nacatamal za mahindi na nyama, zilizofungwa kwa majani ya mgomba, kila Jumamosi, alicheka hadi akashika mbavu, kisha akatoa jina. Mchumba alikwenda zake, jina likabaki.

Eliécer alikuja baadaye, akiuza jibini la kwao Boaco sokoni. Mtu mpole, mwenye miguu mifupi na kofia kubwa. Azucena alipomwambia kwamba anataka kuzunguka nchi na begi mgongoni, kuanzia mpaka wa Honduras hadi kisiwani, hakuuliza kwa nini. Aliuliza, "Sufuria nabeba mimi au wewe?"

Hapo Azucena akajua kwamba huyu sasa ni mwenzake.

Walisafiri vizuri ajabu. Mmoja akitaka kulala, mwingine anapiga miayo. Asubuhi hakuna aliyemsemesha mwenzake kabla ya kahawa. Eliécer alikuwa akitembea nyuma daima, kwa mwendo wa Azucena, na hakuwahi kumhimiza. Ugomvi wao ulikuwa mmoja tu, karibu na Somoto, walipomuuliza mchunga ng'ombe njia ya kwenda mtoni.

"Hapo tu," alisema mchungaji, akaelekeza kwa mdomo.

Walitembea hadi jua likawaka utosini. Mto hakuna. Azucena akatupa begi chini.

"Mwongo yule! Hapo tu, hapo tu! Hapo tu ya wapi?"

"Sasa wewe mtu wa Masaya," Eliécer akasema akicheka, "ulimsikiliza? Nani kakwambia umsikilize? Ungemtazama mdomo."

"Nilimtazama. Nchi nzima inaonyesha njia kwa mdomo, Eliécer. Hata choo mama yangu alinionyesha kwa mdomo."

"Ulitazama, lakini hukupima. Hakuna mtu wa shamba atakayemvunja moyo msafiri, kwa hiyo atasema hapo tu hata kama ni Panama. Hiyo ni adabu. Umbali uko mdomoni. Ukichomoza kidogo, ni pale kwenye ua. Ukichomoza kama wa ng'ombe anayetafuta chumvi, tandika ulale, utaendelea kesho. Yule mzee mdomo wake nusura udondoke."

"Na wewe uliuona ukanyamaza?"

"Ulikuwa unatembea kwa furaha. Ningeanzia wapi?"

Azucena alinuna hadi wakafika mtoni, kisha akacheka mpaka akakaa majini na nguo zake. Tangu siku hiyo ukawa mchezo wao. Estelí, León, Granada, kila walipouliza njia walimkodolea mtu macho mdomoni kama madaktari wa meno, na kweli hawakupotea tena.

Lakini yote hayo yalikuwa kujizungusha. Alichokitaka Azucena ni kile kilele, na walipovuka ziwa alikiona kimejifunika wingu.

Walipanda na Nubia, mwanamke wa kisiwani anayeongoza wageni mlimani. Msituni walikwenda vizuri. Miti ilipokwisha ukaanza mteremko wa mawe yanayoserereka na upepo wa kusukuma mtu, kisha wingu likawameza. Nubia alikuwa mbele, haonekani. Sauti yake tu ndiyo iliyowajia.

"Njooni! Hapo tu!"

Azucena akapanda, akateleza, akapanda tena.

"Hapo tu, binti!"

Akasimama kuhema. Akaliona jiwe bapa lenye ufa, na moyo ukamshuka, kwa sababu alilijua. Ndipo alipoachwa na Rolando. Akalikalia.

"Nenda," akamwambia Eliécer bila kumtazama. "Mfuate Nubia. Mimi nitangoja hapa."

Eliécer alivua begi, akalitafutia mahali lisibingirike, akaketi kando yake. Akatoa chupa ya pinolillo, kinywaji cha mahindi na kakao, akampa kwanza yeye.

"Hukunisikia?"

"Nimesikia. Nikafanye nini huko peke yangu? Ukishuka, tunashuka wote. Kule Boaco wataniita Nusu Mlima wa Pili, shauri yao."

Azucena akataka kucheka, akajikuta analia, na hakuona haya. "Nataka kufika," akasema. "Nataka sana. Ila simwamini yule mwanamke na hapo tu zake."

"Hata mimi simwamini. Mdomo hatuuoni." Eliécer akasimama, akaweka mikono kinywani, akapaza sauti juu winguni. "Nubia! Shuka utuonyeshe mdomo!"

Kisha kicheko kikubwa kikateremka pamoja na vijiwe, na Nubia nyuma yake, matope hadi magotini. Akainama hadi pua yake ikakaribia kugusa ya Azucena.

"Hapo tu," akasema.

Midomo ilichomoza kiasi cha punje ya mahindi.

Azucena akainuka. Alipanda kwa mikono na miguu, Eliécer nyuma yake, harufu ya kiberiti ikazidi, mawe yakawa ya moto viganjani. Mara hapakuwa na pa kupanda tena. Upepo ukapasua wingu, na chini ziwa lote likawaka jua. Alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Eliécer alipokaribia, Azucena alimvuta juu kwa mkanda wa begi, wakakumbatiana na sufuria yao mgongoni.

Jumamosi waliingia mtaani wakinuka moshi. Doña Chepa alikuwa mlangoni na sufuria lake, watu wamejipanga.

"Haya, Nusu Mlima! Safari hii ulifika?"

"Nilifika, doña."

"Mbali?"

"Hapo tu," Azucena akasema, akaelekeza kusini kwa mdomo. Aliuchomoza, akauchomoza, akaendelea kuuchomoza hadi shingo ikafuata, na watu wote wa foleni wakageuka kutazama huko.

Doña Chepa hakucheka. Alifunua sufuria, akachagua nacatamal mbili kubwa.

"Pita ndani, Azucena," akasema. "Na mwenzako. Lazima mna njaa."