Kiti cha Tatu Kutoka Nyuma

Siku ya kumi na moja ya kazi ya kuligeuza basi kuwa nyumba, Mshonaji aliingia ndani na mkanda wa kupimia shingoni na pini tatu mdomoni, akakuta kiti kimerudi.

Kilikuwa kiti cha tatu kutoka nyuma, upande wa kushoto, cha kukalia watoto wawili, kina ngozi ya kijani iliyochanika pembeni. Jana yake seremala alikuwa amekifungua nati zote nne na kukitoa nje, kama alivyovitoa vile vingine kumi na tano. Sasa kilikuwa palepale, nati zimekazwa, na juu ya nati kutu ya miaka mingi. Mshonaji alilipima dirisha la hapo pamoja na mengine, maana pazia ni pazia, akaandika namba, kisha akatema pini kiganjani na kumwita fundi.

Seremala huyo mtaani walimwita Pima Tena, kwa kuwa alipima kila ubao mara nne na bado akaukata mfupi. Alikitazama kiti, akasonya.

"Mama, kama mlitaka kibaki mngesema mapema. Hapa mimi naweka sinki."

"Nani kakirudisha?"

"Nitajuaje? Mimi najua sinki."

Akachukua spana, akakifungua tena huku akinung'unika, akakitoa nje na kukilaza kando ya mwenzake. Vilikuwa viwili sasa, vimechanika mahali pamoja.

Basi lenyewe lilikuwa zawadi. Mume wa Mshonaji alikuwa ameliendesha miaka kumi na tisa, akipeleka watoto shule na kuwarudisha, hata mkewe akazoea kumwita Dereva. Alipostaafu, mwalimu mkuu alimwita ofisini, akamkaribisha chai, akamkabidhi funguo na karatasi za umiliki. Shule ileile ambayo kwa miaka kumi na tisa haikuwahi kumpa hata kalenda! Machale yalimcheza Mshonaji siku hiyohiyo. Mtu hapewi basi zima hivihivi, eti kwa kuwa alikuwa anafunga breki vizuri.

Lakini mwenye nyumba alikuwa amewaambia wahame mwisho wa mwezi ujao, mwanawe anaoa, anataka vile vyumba viwili. Mshonaji alikuwa na miaka hamsini na mbili na hajawahi kulala chini ya paa ambalo mtu mwingine hana ufunguo wake. Alichokuwa nacho ni kipande cha ardhi alichoachiwa na babake, chembamba mno, nyumba haienei hata ukiibana vipi. Basi lilienea. Lilienea kana kwamba babake alilipima kabla hajafa. Mwanamke akifika hapo humeza maswali, na yeye aliyameza, ingawa hayakushuka vizuri.

Kiti hakikurudi usiku kama mwizi. Kilirudi alasiri, saa tisa na dakika arobaini, kila siku ya shule. Jumamosi na Jumapili kilipumzika. Mshonaji alikivizia. Alikaa kwenye stuli mlangoni na sketi ya mteja mapajani, jicho moja kwenye pindo na jingine kwenye ile plaiwudi mpya. Ilipofika saa yake aliinama kukata uzi kwa meno, na alipoinua kichwa kiti kilikuwepo. Akamaliza pindo, maana mteja alikuwa anaingoja sketi yake.

Kufikia wiki ya tatu tangu kianze kurudi, viti pacha vilikuwa kumi na vinne nje, na Pima Tena, ambaye hakupenda kitu kipotee bure, akaanza kuvigawa. Kimoja alimpa kinyozi, kimoja fundi viatu, viwili zahanati, kimoja akakiweka kwa muuza mkaa. Mtaa mzima ukawa unakalia kiti kimoja. Kila aliyekikalia alasiri alisinzia, hata awe amelala fofofo usiku kucha, na alipoamka aliomba maji. Kinyozi alifurahi, wateja wakawa hawatikisi kichwa. Malalamiko yake yalikuwa ndoo tu, kila akiijaza inakauka.

Mshonaji hakukishuku kiti. Alimshuku mumewe.

Dereva alikuwa na tabia mpya. Kila alasiri aliingia kwenye basi na chupa ya maji imejaa, akatoka nayo tupu. Ukimuuliza, alisema kiu. Lakini midomo yake ilikuwa mikavu. Tena hakukanyaga upande wa kushoto wa basi, hata siku ya kupaka rangi, alipaka kulia mpaka brashi ikakwisha manyoya. Mshonaji alinusa mashati yake, akageuza mifuko yake, hakupata kitu. Akajisemea moyoni, huyu mzee ana mtu, na huyo mtu anamnywesha maji kwenye nyumba yangu ambayo hata sijaihamia.

"Dereva," alimwambia wakila, "kama una mwanamke, niambie leo, nijue pazia nashona za nani."

"Mwanamke wa nini na miguu hii?"

"Miguu haihusiki hapo."

Dereva akacheka kidogo, akaacha, akaendelea kutafuna, ametulia kama maji mtungini. Mshonaji alimjua miaka thelathini, na kicheko kile hakikuwa chake.

Siku ya Jumatatu alikwenda kupachika pazia. Jua lilikuwa kali, mabati yanawaka, na dirisha la kile kiti lilikuwa na ukungu kwa ndani kana kwamba kuna mtu anapumulia kioo. Kwenye ukungu palikuwa na viganja viwili. Akavifuta kwa kitambaa. Vikarudi. Hapo akafanya alichozoea kufanya kwa mwili wowote unaosimama mbele yake, akatoa mkanda, akapima. Kiganja sentimita kumi na mbili. Kutoka sakafuni hadi kiganjani, sentimita tisini na tano. Alikuwa ameshona sare za shule hiyo miaka mingi na hakuhitaji daftari kujua. Mtoto wa miaka sita, sketi ndogo kabisa, mkanda wa mpira kiunoni.

Akakaa chini kwenye plaiwudi. Alimkumbuka mtoto mmoja wa sketi hiyo.

Miaka kumi na moja nyuma, binti wa Msusi, mama wa mtaani kwao anayesuka nywele, alikutwa asubuhi amekufa kando ya kituo cha basi. Msusi alisema alimngoja mwanawe kituoni na basi halikusimama. Alisema alikimbilia shuleni, wakamwonyesha daftari la basi, limeandikwa mtoto ameshuka, wakamwambia akamtafute huko kwake. Watu walisema mengine. Walisema alikuwa anasuka kichwa cha mtu, akachelewa, mtoto akashuka akakosa wa kumpokea, akatangatanga hadi giza likamkuta. Walisema alikwenda shuleni na mikono bado ina mafuta ya nywele. Lisemwalo lipo, walisema, na Mshonaji naye alisema, kwa sauti kubwa, mbele ya wateja. Tangu hapo hakuna mama aliyempa Msusi kichwa cha mtoto wake. Alisuka watu wazima tu.

Kesho yake Pima Tena alibandua ubao wa juu ya usukani ili apitishe waya wa taa, likaanguka daftari. Alilikung'uta vumbi akampa Mshonaji, akamuuliza kama ana penseli, yake ameikalia ikavunjika.

Lilikuwa daftari la watoto wa basi. Kila ukurasa una majina, na mbele ya kila jina visanduku viwili, kupanda na kushuka. Alama zote zilikuwa zimenyooka, wino mmoja, mkono mmoja uliotulia. Ukurasa wa mwisho pia, wenye tarehe ile aliyopotea binti wa Msusi. Alilifunika kwa khanga hadi Dereva alipoingia na chupa yake.

"Hili ni nini?"

Dereva alilitazama. "La Anti." Anti ndiye aliyekuwa anawasimamia watoto ndani ya basi, siku hizi ni marehemu.

"Alama za kushuka alikuwa anaweka saa ngapi?"

"Asubuhi."

"Asubuhi? Watoto ndiyo kwanza wanapanda?"

"Barabara ya kurudi ina mashimo, kalamu inaruka. Mwalimu mkuu hapendi daftari chafu. Kwa hiyo akawa anaziweka zote mbili asubuhi, basi limesimama. Miaka yote ilikuwa hivyo."

"Na siku ile?"

Dereva aliweka chupa chini. Alisema bila kupandisha sauti wala kushusha, kama anayemwelekeza mtu njia. Siku ile kulikuwa na mawingu, akafunga madirisha yote. Mtoto alilala kwenye kiti, kituoni kwao hakuna mtoto aliyeinuka kushuka, naye hakusimamisha. Saa tisa na dakika arobaini akaliegesha basi uani, akafunga mlango, akaondoka. Mvua haikunyesha, jua likatoka. Mama yake alipofika, daftari likasema ameshuka, na daftari likishasema hivyo, nani atakwenda kufungua basi?

"Alfajiri nikafungua mimi," alisema. "Nikamwita mwalimu mkuu. Akasema, daftari linasema alishuka kituoni. Basi tukampeleka kituoni."

Mshonaji alisikia harufu ya rangi mpya. Ilikuwa rangi nzuri, ya maziwa, aliichagua mwenyewe.

"Na mimi nikakaa na wewe kitanda kimoja miaka kumi na moja," alisema. "Nikamsema yule mwanamke mpaka koo likakauka. Hukuona aibu?"

"Niliona."

"Ndiyo ukapewa basi."

"Wamesema ni kwa utumishi mwema."

Akachukua chupa, akaimimina yote kwenye kile kiti, taratibu, na ngozi ya kijani ikayanywa maji bila kuacha tone sakafuni.

Asubuhi Mshonaji alikwenda kwenye basi, akalitia daftari kapuni, akajifunga vizuri, akaenda kwa Msusi. Njia nzima alikuwa anapanga maneno. Alipita mbele ya vyumba vyao viwili na kuona kitanda kipya cha yule mwana wa mwenye nyumba tayari kimeegemezwa ukutani, bado kina nailoni. Akaendelea kutembea. Msusi alikuwa peke yake, anafagia nywele.

"Karibu dada. Leo umekuja kusukwa?"

Mshonaji alifungua mdomo. Basi likichukuliwa kama ushahidi, alifikiri, haliwezi kurudi. Watalivuta na pazia zake zote.

"Nimekuja kusukwa," alisema.

Alirudi jioni amesukwa mistari minane mizuri, na daftari bado lipo kapuni. Dereva alizitazama nywele. Pima Tena alikuwa ameshapima tena, akasema sinki linaweza kukaa mbele, na kile kiti wakiache, spana yake imekwisha meno.

Wakahamia siku tatu kabla ya mwezi kwisha. Daftari likalala chini ya godoro, upande wa mke. Mshonaji alikishonea kiti mto wa bluu, akakifanya cha wateja, na kila siku ya shule, kabla ya saa tisa na dakika arobaini, alikipa maji yeye mwenyewe, maana Dereva alikuwa anamwaga ovyo. Ufunguo wa mlango alining'iniza shingoni pamoja na mkanda wa kupimia. Usiku alilala vizuri kuliko alivyotarajia, na hilo lilimkera.

Siku moja alasiri Msusi alibisha hodi, ana kitambaa cha gauni mkononi. Alisema kila anayetoka kushonewa hapa anapita kwake kusifia, akaona na yeye aje. Mshonaji akamkaribisha, akageuka kutafuta mkasi, na alipogeuka tena mgeni alikuwa ameshakaa kwenye kiti na usingizi umemchukua.

Alilala ameegemea dirishani. Kioo kikapata ukungu. Vidole vyake vikaanza kwenda hewani, pembeni yake, kimo cha kichwa cha mtoto wa miaka sita, vinagawanya, vinapaka mafuta, vinasuka. Mshonaji alihesabu mistari minne. Mwisho wa kila mstari Msusi alifunga fundo dogo, na alipomaliza kichwa alikipigapiga kidogo, kama wasusi wote wanavyofanya wakimwambia mtoto inuka.

Aliamka na kiu. Mshonaji akampa glasi ya maji, akaimaliza kwa mkupuo mmoja. Kisha akaangaza macho, akapapasa ngozi ya kijani pale ilipochanika.

"Hili si lile basi la shule?"

"Ndilo. Hebu simama nikupime."

Msusi alisimama, akainua mikono. Aliutazama uso wa Mshonaji kwa karibu, kama anayetafuta kitu alichokiacha hapo.

"Siku ile halikusimama," alisema. "Nilikuwa kituoni, dada, nimesimama na mwavuli. Hakuna hata mmoja anayeniamini. Wewe je?"

Mshonaji alikuwa ameshaweka pini tatu mdomoni. Akamshika mabega, akamgeuza taratibu atazame mlangoni, akampima mgongo, akapima kiuno, akaandika namba moja baada ya nyingine.

"Njoo Ijumaa," alisema alipozitoa. "Litakuwa tayari."

Msusi akachukua mkoba wake. Kabla hajashuka ngazi aliomba maji mengine, na Mshonaji akampa.