Hasira Niliyomsingizia Peris

Mwaka wa 1974 kinyama chekundu kiliniota kwenye wayo wa mguu wa kulia. Kilikuwa kama punje ya mahindi, na kilitoka damu kila nilipovaa buti za kazi ya reli pale Voi. Mganga wa kwetu milimani alisema kuna ndugu ana kinyongo nami. Sikuuliza ni nani. Nilikuwa nimeuza ng'ombe wa marehemu mama bila kumwambia dada yangu, Peris.

Kwetu Wadawida, yaani Wataita, mwenye kinyongo hutasa ili mgonjwa apone: hupiga funda la pombe, akalitema, akatamka kwamba moyo wake umetulia. Peris alikuwa ameokoka. Alikataa.

"Mwandawiro, ng'ombe nilishakusamehe."

"Basi mbona siponi? Unataka nikatwe mguu?"

Nikaleta wajomba wawili wakamkalia nyumbani kwake kutwa nzima. Jioni alitasa, akilia. Habari zikafika kanisani, akazuiwa Meza ya Bwana.

Mguu haukupona. Nikashuka hospitali. Daktari Alwi alikibonyeza kile kinyama, akakuna kidevu.

"Si sugu hii. Nisikudanganye mzee, naogopa saratani. Nitakikata, kipimwe Nairobi."

Wiki tano sikulala vizuri. Majibu yalipofika alinisomea akitabasamu. Ulikuwa uvimbe wa tezi za jasho. Haukuwa saratani. Yeye mwenyewe alikuwa hajawahi kuona wa aina hiyo.

"Unaletwa na nini?"

"Haijulikani."

"Hasira ya mtu haiwezi kuuleta?"

"Ya mtu? Mimi, na mama mkwe niliye naye, ungeniota mwili mzima!"

Alicheka peke yake.

Nilimkuta Peris akipukuchua maharagwe. Nikamwambia daktari amesema si yeye.

"Mimi nilikuambia. Ukangoja Nairobi?"

"Nisamehe, dada."

"Siku ile sikuwa na hasira. Leo ninayo. Na usije kuniambia mimi kitu ninachokijua. Kawaambie walionifukuza mezani."

Jumapili nikasimama mbele ya kanisa, mimi ambaye sikuwa nimeingia humo tangu nioe. Nilisema yote: ng'ombe, wajomba, jasho. Kuna waliocheka waliposikia jasho. Nikamaliza hivyo hivyo.

Mchungaji akamwita Peris mezani. Alipita karibu nami, kitambaa kimefunika uso nusu, hakunitazama. Nikaenda kukaa benchi la nyuma, karibu na mlango.